Hatukusubiri Uwanja Ukauke

Mjukuu wangu Lusajo,

Ndaga fijo, asante sana, kwa barua yako. Hapa Bujonde tuko wazima, mpunga umechanua, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kama uache kuifundisha timu ya besiboli hapo chuoni, maana mnafungwa kila mechi. Besiboli siijui, lakini kufungwa nakujua. Nilipopewa timu ya netiboli ya chuo chetu cha ualimu, ilikuwa kichekesho cha wilaya. Kila masika uwanja ulijaa maji, na makocha walionitangulia walisubiri ukauke. Kyela hii, ambako mvua haikatiki! Mimi nikawapeleka wasichana kwenye majaruba ambayo hayajapandwa mpunga, wakarushiana mpira matope yakiwafika magotini.

Mechi iliyofuata tukafungwa vilevile. Mkuu wa chuo akasema, "Mwalimu, vunja timu." Nikamjibu, "Njoo uwaambie mwenyewe." Jioni tulipofika jarubani, wasichana walikuwa wameshaanza mazoezi bila mimi. Nahodha akamrushia mkuu mpira. Akaudaka, suti ikajaa tope, na habari ya kuvunja timu ikaishia hapo.

Kesho nenda uwanjani. Ukimkuta hata mmoja anakusubiri, usithubutu kuacha.

Bibi yako, kocha mpaka leo