Nilionja kabla ya wageni

Amna, upo? Nimechekwa mbele ya watu mia mbili.

Lile igizo la karamu ya Wahehe wa zamani, hapa Iringa, nililolipikia. Miezi minne nimewahoji mabibi vijijini. Sikutia nyanya wala mafuta. Ugali wa ulezi, nyama ya kukausha, togwa.

Mabibi wote walisema jambo moja: mpishi huonja kwanza, wageni waone hakuna sumu. Basi nikapiga magoti mbele ya aliyeigiza chifu, nikanywa togwa funda moja.

Mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "Dada wa chakula, njaa gani hiyo? Wageni kwanza!"

Njaa gani hiyo, Amna! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata chifu. Na ile ndiyo sehemu pekee ya igizo iliyokuwa na ushahidi wa mabibi wote.

Mwishoni waigizaji wakaitwa mbele, hadi aliyeshika mkuki tu. Kwenye ratiba jina langu lipo chini ya "Huduma", kati ya maturubai na vyoo.

Vyungu vimerudi vitupu. Nimekaa navyo jikoni peke yangu.

Ukija kutoka Mbeya nitakupikia togwa. Naomba usinywe mpaka nionje.