Kwa Mke Mwenzangu, Uliyenilisha Kambale

Mpendwa mke mwenzangu,

Ulikufa bila kuniaga, tabia yako ileile ya kuondoka mazungumzo yakinoga. Basi leo utanisikiliza. Kalamu siijui, nasema mimi, anaandika binti wa mtoto wetu, na nimemkataza kunipambia maneno.

Nakumbuka kipupwe kile cha Maji Maji. Mume wetu alikwenda kupigana na Mjerumani, hakurudi. Askari wakachoma maghala, wakachoma na mashamba. Tukakimbilia bondeni, kando ya mto, wewe na mimi, na mtoto wangu mgongoni, hajaota hata jino. Baridi ya Songea unaijua: asubuhi ukungu unakuficha vidole vyako mwenyewe.

Wewe mtu wa Nyasa, mto haukukutisha. Ulisuka mgono, mtego wa samaki wa matete, ukaingia majini hadi kiunoni kuutega, huku unatetemeka na kunitukana. Ukasema samaki wa baridi ni mvivu kama mume wetu, analala chini shimoni, sharti umfuate kitandani.

"Na mimi niingie?" nikauliza.

"Kaa na mtoto! Ukiugua nitamnyonyesha nini, kiwiko?"

Ukatoa kambale. Nikageuza uso. Nyumbani kwetu, Wangoni wa ng'ombe, samaki hakuliwa; na huyu hana hata magamba, nyoka mwenye ndevu! Ukamchoma asubuhi ileile, kwa sababu moshi ulipotea ndani ya ukungu na askari hawakuuona. Jua likipanda, tunazima moto. Baridi iliyotaka kutuua ndiyo iliyotuficha.

Wewe ulikula, mimi nikashinda na mizizi. Maziwa yakakauka. Mtoto alinyonya, akalia, kisha akaacha kulia. Hapo ndipo ulipokasirika. Ukanishika kidevu, ukanisukumia mnofu mdomoni.

"Dada, kula. Ukoo wako hauna matiti."

Nikala, nikatapika. Ukanipa mwingine, huruma huna. Kesho yake nikala tena, ukakaa mbele yangu hadi nimeze. Siku zikapita hivyo, wewe mtoni, mimi natafuna kwa machozi, hata maziwa yakarudi. Mtoto akalia kwa sauti ya kutafuta ugomvi, nawe ukacheka, miguu imepasuka kwa maji yale.

Siku ile ulipoolewa ukaletwa nyumbani kuwa mke mwenzangu, wanawake walinipa pole. Pole ya nini? Wangenipa hongera, wajinga wale.

Sasa nakula kambale mbele ya wakwe, na kichwa nanyonya. Anayechukia atazame pembeni. Kila nikimeza nasema asante, ingawa najua ungenijibu, "Asante haiwashi moto, ongeza kuni."

Mtoto wetu ni mama wa watu sasa. Watu wakimuuliza, "Mama yako nani?" yeye huuliza, "Yupi?"

Pumzika, mwenzangu. Huko uliko wasikuache kwenye baridi, la sivyo nitakuja kuwagombeza.

Ni mimi, mama mwenzako