Sello Mbele

Jumatatu, 3 Novemba
Mazoezi tena. Ukumbi wa hoteli, Deira, kabla wageni hawajashuka kunywa chai. Albamu ya jazi ya miaka ya hamsini, kiongozi wake mpiga sello, ile fidla kubwa ya kushikwa magotini. Sello mbele, piano nyuma. Tangu nije Dubai nimekuwa nikisindikiza waimbaji. Ijumaa jioni naongoza mimi na sello yangu, albamu nzima. Wimbo wa tatu bado unanishinda.

Jumanne, 4 Novemba
Mutua, mdogo wangu, amepiga simu kutoka Machakos. Baba amefariki. Nilikuwa kwenye foleni ya duka, Al Nahda. Nikalipia mkate. Sijalia.

Jumatano, 5 Novemba
Mazishi ni Ijumaa asubuhi. Meneja amenipa pole na ruhusa. Nikienda, onyesho khalas, limekwisha, analeta mwimbaji.
Mzee Rashid, mpiga piano wetu kutoka Unguja, alifunga piano. "Ukenda, mwanangu, hatuna neno. Ukibaki, tupo."
Mutua: "Kifungua mimba ni wewe. Watu watauliza."
Watauliza.

Alhamisi, 6 Novemba
Nilienda kwa wakala wa tiketi. Akauliza, kwenda tu au kwenda na kurudi? Nikairudisha pasipoti mfukoni. Nikatoka.
Ukweli ni kwamba nataka kupiga. Nimemwambia Mutua siji. Amekata simu. Nilidhani nitaumia. Hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Novemba
Asubuhi nimemzika Baba kwenye simu. Picha inakwama, inarudi. Jeneza. Kitambaa cha Mama. Mtu akapita mbele ya kamera, alipoondoka kaburi lilishajaa udongo.
Jioni nimepiga. Wimbo wa tatu ulitoka safi, wa kwanza kushangaa ni mimi. Mzee Rashid alikuwa analia huku anapiga. Mimi hapana. Watu walisimama kupiga makofi. Meza ya dirishani ikaomba wimbo wa kuzaliwa. Tukaupiga.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 9 Novemba
Mama amepiga simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Akauliza tu, "Umekula?"
"Nimekula, Mama."
Si kweli. Hakuuliza lingine. Hakuna aliyekata. Upande wake nikasikia vijana wakipakia viti vya kukodi vya matanga kwenye lori, kimoja juu ya kingine, mpaka vikaisha.