Kiuno cha Mhubiri

Mdogo wangu mpenzi,

Kaka yako nina bahati ya mtende! Juma lililopita nilimshinda mhubiri hapa hapa cherehanini, nikimpima suruali. Alikuwa akimwambia Mama aache sindano za sukari.

"Mwenye imani hupona."

Nikamuuliza, "Asipopona?"

"Basi hana imani."

"Utajuaje kama hana?"

"Si hajapona!"

Nikamwambia, "Mtumishi, hoja yako ni kama futi yangu hii: inazunguka kiuno, inarudi ilipoanzia." Wateja walicheka hadi machozi.

Suruali ilimkaa sawasawa. Aliivaa jana tulipomzika Mama, akasema marehemu alipungukiwa imani.

Mdogo wangu, sikumshinda. Maneno yale ya futi yalinijia jana kaburini. Siku ile nilisema "Amina", nikaandika kipimo cha kiuno chake.

Kaka yako, fundi.