Giza Kwenye Picha ya Paja Langu

Mbagala, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini umeamka salama na magoti yamepunguza kukusumbua. Mimi nipo, nakula, napumua. Alizeti mmeshapura? Huku nanunua mafuta ya kupima, tena ya mawese, mimi niliyekulia Ihanja!

Barua hii nimempa jirani yetu Zuhura, anayerudi huko kesho, akupe mkononi ukiwa shambani. Safari hii sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani hupokelewa na Baba, naye akishapokea huweka sauti kubwa mpaka kuku wasikie. Isome peke yako.

Ule uvimbe wa pajani ni saratani. Umeota kwenye nyama, si kwenye mfupa. Pole Mama, nimeliandika neno hilo haraka ili lipite. Daktari alitaka nipigwe picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, maana ndiyo humwonyesha uvimbe umeshika wapi, na kutokana na hapo anakisia mguu utakuwaje baadaye. Bwana wa mashine aliniuliza kama nina chuma chochote mwilini. Nikamjibu sina, hata hereni nimevua.

Mashine yenyewe ni bomba jeupe, ukilala ndani pua inakaribia kugusa juu. Ikaanza kugonga. Hata ukinicheka nitasema: mdundo ule mguu wangu uliutambua kabla yangu. Nyuma ya paja pakapata moto, mahali pamoja tu, kama mtu ameweka kidole na kukandamiza. Nikapiga kelele wakanitoa. Wakaniambia mle ndani hakuna anayeweza kunigusa.

Walipopamulika wakaona chale tatu, nyembamba kama uzi. Siku zote niliambiwa ni miiba ya zizi la mbuzi.

Daktari akanionyesha picha. Alipitisha kipande baada ya kipande, paja langu likawa linafunguka na kufungika bila damu. Kisha likaja giza, jeusi tii, limekaa kati ya uvimbe na mshipa mkubwa wa fahamu.

"Dada, hapa uliwekewa nini?"

"Sijui, daktari."

"Basi uliza nyumbani. Kama hii ni damu iliyovuja ndani ya uvimbe, uvimbe ni mkali na umeshafika kwenye mshipa. Mguu tutaukata. Kama ni dawa ya kuchanjia yenye unga wa chuma, chembe kidogo tu hutupa kivuli kikubwa kwenye sumaku, na mguu huenda ukabaki."

Eksirei haikuonyesha kitu. Alisema unga laini unaweza kujificha.

Wiki iliyopita nilikuuliza kwenye simu, ukasema, "Mwanangu hajawahi kuchanjwa, sisi ni watu wa kanisa." Nikamsikia Baba akikohoa karibu yako. Lakini Mama, nilipougua degedege utotoni ulinipeleka Sepuka kwa shangazi. Nimekaa nikiliwaza hilo. Baba hana dada. Yule alikuwa nani?

Kisu sikiogopi sana. Naogopa kwamba kuna kitu kimelala ndani yangu miaka yote hii, na anayekijua ni wewe peke yako. Tangu siku ile pale pana joto. Hata sasa ninapoandika pana joto, na nikipagusa ngozi ni ya baridi.

Daktari amenipa mpaka Ijumaa. Mwambie Zuhura kama nilichanjwa, ndiyo au hapana, yeye atanipigia. Bora Baba anune mwaka mzima kuliko mimi kurudi Ihanja na magongo.

Msalimie sana Baba, mzee wetu wa kanisa, na mdogo wangu Elia, asichezee shule. Bibi mwambie kanga yake nimeshainunua.

Bado kuna jambo. Kabla hawajanitoa kwenye mashine nilikumbuka ngoma ikidunda vile vile, mikono miwili imenibana magoti, na machozi ya mtu yakinidondokea tumboni. Mikono ilikuwa yako. Sikulaumu Mama, ulitaka nipone. Nishike tena. Sema.

Ni mimi binti yako,
Salome