Gundi ya Ngozi Waliyoiita Kiapo

Njoroge, ndugu yangu,

Barua hii sijui itakufikia wapi. Nimeuliza kila ofisi. Mara naambiwa uko upande wa pwani, mara uko kisiwani ziwani, mara hakuna mtu wa jina hilo kwenye orodha. Kwa hiyo nimeinakili mara nyingi kwa mkono wangu, na kila anayesafiri nampa moja aiache popote panapozuiliwa watu kama wewe. Yeyote atakayeifungua kabla yako, awe karani au askari wa geti, namwomba aisome mpaka mwisho. Hata ikibandikwa ukutani ni sawa. Sina la kuficha tena.

Niko nyumbani karibu na Lugulu. Mwili mzima. Moyo ndio sijui niuseme vipi.

Unakumbuka siku tulipokutana Kitale? Ulikuwa umetoka lile shamba la mzungu kule Saboti ambako baba yako alikuwa kibarua, umebeba randa na patasi ndani ya gunia. Mimi nilikuwa nimetoka Bungoma na litungu la babu yangu mgongoni, kile kinanda chetu cha nyuzi saba, natafuta kazi yoyote ya mbao. Mhindi mwenye duka la misumari akatupa kibanda kimoja uani kwake, watu tusiojuana, akasema tutengeneze viti. Siku ya tatu ulilichukua litungu, ukaligeuza-geuza, ukagonga tumbo lake kwa kidole.

"Hii iko na nyuzi saba," ulisema. "Gita iko na sita. Kama babu yako aliweza saba, sisi tutashindwa na sita?"

Viti tukaviacha hapo.

Gita la kwanza lilikuwa la mbao za masanduku ya majani ya chai. Gundi tuliiweka kwenye mkebe, mkebe tukauweka juu ya moto mkali, ikachemka kama uji, ikawa nyeusi, ikanuka mpaka mke wa Mhindi akatoka ameziba pua kwa mtandio. Tukaipaka hivyo hivyo. Lile gita likaenda harusini Saboti, na wimbo ukiwa umekolea, kifua chake kikaachana na ubavu. Mpigaji akabaki ameshika shingo, nyuzi zinaning'inia. Watu walicheka, na wewe ulicheka kuwashinda wote. "Wafula, tumeunda mtego wa panya," uliniambia. Lakini tuliporudi kibandani hukucheka. Ulikwangua gundi iliyokauka pale ilipoachana, ukaisugua kati ya vidole, ikawa unga.

"Imeungua. Tumeiua kabla haijashika."

Gundi ya dukani, vile vipande vigumu vya rangi ya asali kutoka ng'ambo, ilikuwa ya mafundi wa wazungu. Yetu tulijipikia wenyewe. Mabaki ya ngozi kutoka kwa mwenye bucha tuliyaloweka kwenye maji ya chokaa, tukayakwangua manyoya, tukayaosha mpaka chokaa ikaisha, tukayachemsha polepole siku nzima mpaka maji yakawa mazito. Kuipika tulijua. Kilichotutesa ni kuiweka katika joto lake kila siku ya kazi. Stovu ya mafuta ya taa ilikunywa mafuta kuliko tulivyokunywa chai. Makaa yalikuwa makali asubuhi, halafu yanalala wakati ubavu wa gita umeshapakwa na huwezi kuuachilia. Tulijaribu majivu ya moto, tukajaribu mchanga uliokaangwa. Wambui mkeo alitutazama siku nyingi. Siku moja akaweka kikapu chake chini.

"Nyinyi mnapikaje kitu kama hiyo juu ya moto?" alisema. "Mimi maziwa ya mtoto napasha ndani ya sufuria ya maji. Haiungui hata siku moja."

Tukatazamana kama wajinga. Tangu siku hiyo mkebe ulikaa ndani ya maji. Ulinifundisha kupima kwa kutia kidole na kuhesabu: ukivumilia mpaka tatu, joto ni sawa. Ukivumilia mpaka tano, ni baridi, haitashika. Usipofika hata moja, ondoa haraka.

Lakini baridi ya Kitale unaijua. Upepo ukishuka kutoka mlimani, gundi inaganda kwenye brashi kabla haijagusa mbao. Na hapa, ndugu yangu, nataka kila anayesoma asome polepole.

Lile shimo la moto lilikuwa wazo langu mimi. Unga wa mbao ulikuwa unatupwa bure pale wanapopasulia miti. Nilichukua debe, nikalitoboa ubavuni chini, nikasimamisha chupa katikati na kijiti pale kwenye tundu, nikashindilia unga wa mbao mpaka ukawa mgumu, kisha nikachomoa chupa na kijiti. Ukiwasha kwa chini, moto unakula kutoka ndani polepole, hauna ndimi wala moshi wa kusumbua, tangu asubuhi mpaka alasiri. Ili upepo usiuchezee, nilichimba shimo nyuma ya kibanda, kina cha goti, nikalitia debe humo, na juu nikaweka bati. Tuliegemeza mbao pale zipate joto kabla ya kupakwa. Tulipaka, tukaunganisha, tukafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hakuna gita lililoachana tena. Mwalimu mmoja wa Lugulu alilipiga lake kanisani, na wewe ulisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, huimbi, unasikiliza tu kama kuna mahali litaachia.

Halafu nchi ikaingia katika hali ya hatari. Watu wa kwenu, Wakikuyu, wakawa wanasimamishwa kila njia na kuulizwa kama wamekula kiapo, kile cha siri cha kuwafukuza wazungu, kinacholiwa kwa mbuzi aliyechinjwa. Ulipunguza kutembea. Ulikaa kibandani, ukafanya kazi. Mimi nilienda nyumbani kwenye harusi ya dada yangu, mama akachinja mbuzi wawili, nikamwomba ngozi. Nilizileta Kitale kwa baiskeli. Nilizikata mimi, nikazitia kwenye chokaa mimi.

Walikuja saa nne asubuhi, askari watano na ofisa mmoja kijana, Mzungu. Mtu alikuwa amewaambia kuna Mkikuyu ana moto ndani ya shimo. Ofisa aliinua bati kwa fimbo. Akaona moto usio na moshi. Akaona mkebe wa maji ya kahawia na vipande vya ngozi ya mbuzi vinaelea. Karibu na hapo, zile nyingine ndani ya chokaa, nusu zina manyoya.

"Hii nini?"

"Gundi, bwana," ulisema. "Ya kuunda gita."

"Gundi iko dukani." Akawageukia askari. "Ngozi ya mbuzi. Shimo. Moto ya kuficha." Halafu akanigeukia mimi. "Wewe kabila gani?"

"Mbukusu, bwana."

"Hii ngozi ya nani?"

Njoroge, nimekirudia kitambo kile mpaka kichwa kinaniuma. Kulikuwa na neno moja tu la kusema. Lilikuwa neno la kweli na jepesi. Mkono wangu ulikuwa bado mweupe kwa chokaa, nikauweka nyuma.

"Sijui, bwana."

"Nani alichimba hii shimo?"

Nilitazama chini. Nikahisi unanitazama, kisha nikahisi umeacha kunitazama.

"Ni mimi, bwana," ulisema. "Huyu ni kibarua tu. Hajui kitu."

Wakakufunga mikono kwa ile tyubu ya baiskeli tuliyofungia magita. Debe walilipiga teke. Magita mawili yaliyokuwa yanakauka waliyavunja kutazama kama kuna kitu ndani. Mimi nilisimama pale pale mpaka lori likaondoka, nikasikia harufu ya gundi inaungua kwenye majivu.

Siku nne baadaye waliwakusanya wake na watoto, wakawapakia warudishwe makwao Kikuyu, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga huko. Wambui alikuwa nyuma ya lori na mtoto amelala begani. Aliniona upande wa pili wa barabara.

"Shemeji!" aliita. "Wewe ulikuwa hapo! Si uwaambie!"

Nilinyanyua mkono. Kama mtu anayeaga, Njoroge. Nilimpungia mkono.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nilimwambia umeshikwa, akashika kichwa, akauliza kwa sababu gani. Nikasema walikuta ngozi za mbuzi.

"Ngozi gani? Zile zangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema sijui."

Mama yangu hajawahi kunipiga tangu nizaliwe. Siku hiyo aliacha mboga chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilimsikia analia humo kama watu wanavyolilia maiti. Alipotoka alisema, "Baba yake huyo mtoto wa watu yuko wapi, nikamwangukie miguuni?" Nikamwambia baba yako naye alipakiwa. Akakaa chini kwenye udongo.

Ndipo nilipofunga debe kwenye baiskeli, na gunia la unga wa mbao, na mkebe, na vipande viwili vya mbao ya podo, nikapita Ndalu mpaka Kitale. Nililiwasha debe nje ya ofisi ya yule ofisa, pale pale uani. Karani alitoka mbio.

"Wewe! Unapika nini hapa?"

"Gundi. Nataka bwana aione kwa macho yake."

Nilikaa mpaka saa nane. Yule ofisa alipotoka nilisema yote kwa sauti, watu wanasikia: ngozi ni za mama yangu, nilizileta mimi, shimo nilichimba mimi, hakuna kiapo, kuna gita. Nikapaka zile mbao mbele yake, nikaziunganisha, nikazifunga. Nikamwomba asubiri mpaka kesho, kisha ajaribu kuzivunja. Alitazama saa yake.

"Kesho mimi hapana kaa hapa," alisema, akaingia garini.

Nilirudi kesho yake hata hivyo. Karani alizichukua zile mbao, labda kwa kunihurumia, akazigonga kwenye ngazi mara moja, mara mbili, mara tatu. Mbao ikapasuka. Pale tulipounganisha hapakuachana. Alipitisha kidole kwenye ule mstari, akatazama huku na huku.

"Kweli ni gundi," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi mwandikieni! Aachiliwe!"

"Mzee, faili yake ilishaondoka hapa. Hata mimi sijui ilienda wapi."

Aliandika maneno yangu kwenye karatasi, nikatia sahihi. Nimerudi mara nne kuuliza karatasi ile ilifika wapi. Mara ya mwisho walinifungia siku mbili kwa kuwasumbua, na nakuapia nilifurahi. Nilidhani wamenishika kwa ajili ya lile shimo. Walinitoa, wakanipa baiskeli yangu.

Wambui nilimwandikia, nikamweleza kila kitu kama nilivyoeleza hapa. Jibu lake lilikuja kwa mkono wa mtu, mistari miwili. "Hajarudi. Usiniandikie kama huna habari yake." Sina habari yako. Kwa hiyo simwandikii.

Watu bado wananiletea kazi. Wiki iliyopita mwinjilisti aliniletea kinanda cha kanisa, ngozi ya mivukuto yake ya kusukuma hewa imeachia. Niliwasha, nikapasha maji, nikatia kidole. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, sikusikia kama ni moto au ni baridi. Mama ndiye aliyenivuta mkono. Ulikuwa umebabuka.

Nimejaribu kuelewa kwa nini ulisema ni wewe. Labda uliona kwamba wewe watakuchukua kwa vyovyote, basi mmoja apone. Labda hukufikiri chochote, ulisema tu kama vile ulivyozoea kunishikia upande mzito wa ubao. Sijui. Najua kwamba kila jioni mama ananiuliza kama kuna barua, na kila jioni nasema hakuna.

Sikuombi unisamehe. Hilo lingoje uwe umekaa kwako, umekula, umemshika mtoto wako. Ninachokuomba ni kitu kimoja, na nakuomba kwa nguvu zangu zote: kama bado wanakuuliza, acha kunikinga. Nitaje. Sema Wafula wa Lugulu, kwao ni nyuma ya hospitali ya misheni, njia ya mtoni, nyumba ya kwanza kushoto. Sema yeye ndiye aliyeleta ngozi na yeye ndiye aliyechimba. Mimi nimekwisha kusema. Sasa wewe sema vivyo hivyo, maneno yetu yafanane, wasipate pa kutushikia. Usiogope kwamba utaniumiza. Wakija hawatanitafuta. Watanikuta mlangoni, nimevaa viatu.

Mungu akutunze mahali nisipoweza kufika.

Ni mimi ndugu yako,
Wafula