Puto Lililofunika Omena

Jumanne

Na bado linanuka! Lile puto lililoanguka ziwani, ambalo wakubwa wanashuku ni la kijasusi kutoka nje, tumelipata Luanda Kotieno likifunika omena ya mchuuzi Mama Atieno, dagaa aliowaanika ufuoni.

"Bwana, mvua ilikuwa inakuja. Ningeacha omena yangu inyeshewe?" alijitetea.

Mkubwa wangu wa kituo cha polisi alifoka kwamba ushahidi umeharibika. Mimi nililikunja puto nikalibeba kifuani. Marehemu mama akiona mawingu alitoa shuka vitandani mwetu akakimbia nazo ufuoni kufunika omena yake. Tulilala tukinuka omena, na kila mara nilimnunia.

Kesho puto linaingia maabara. Naogopa watakachopata ni magamba tu.

Mke wangu anataka kulifua shati langu, nalo linanuka omena. Nimemwambia aliache, kwa leo tu.